Uhakiki wa Lugha ya Misimbo na Kumbukumbu za Ugonjwa wa Macho Utokanao na Kisukari: Mtazamo kutoka Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuandika na kusimba ugonjwa wa retina utokanao na kisukari, yakiutazama mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, ambako Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hukutana katika jalada la mgonjwa mmoja. Hoja kuu ni kwamba kasoro za takwimu za ugonjwa huu haziletwi na uzembe wa makarani pekee, bali pia na matini yenyewe: msimbo unaomeza tofauti za maana, vifupisho vinavyobadilika maana vinapovuka lugha, na ukimya unaochanganya aliyechunguzwa na ambaye hakuchunguzwa. Makala yanahakiki pia desturi ya wanaistilahi wa Kiswahili ya kuishia kwenye orodha za nomino, na yanapendekeza kwamba kipimo cha kazi yetu katika tiba kiwe sentensi kamili inayoweza kusimbwa bila kukisia.

Maneno makuu: usimbaji, kumbukumbu za tiba, retinopathi ya kisukari, vifupisho, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Gisenyi umejengwa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukiwa umeungana na Goma kiasi kwamba mgeni asingejua mji mmoja unaishia wapi kama si vizuizi vya mpakani. Watu huvuka kila siku kwa biashara, kwa shule, kwa kuzuru jamaa na kwa matibabu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia Rubavu, wengi wakiwa na kile tu walichoweza kushika mkononi. Katika mazingira ya namna hii, karatasi ya hospitali ni hati inayosafiri, nayo husomwa na watu ambao aliyeiandika hakuwafikiria.

Karatasi hiyo huandikwa katika lugha zenye historia tofauti. Kinyarwanda ndiyo lugha ya wananchi wote wa Rwanda. Kifaransa ndicho kilichofundisha vizazi kadhaa vya madaktari na wauguzi, na hadi leo ndicho lugha ya tiba ng'ambo ya mpaka. Kiingereza kilishika nafasi ya lugha ya kufundishia nchini Rwanda kufuatia uamuzi wa mwaka 2008. Kiswahili, ambacho Rubavu hakijawahi kuwa kigeni sokoni wala kituoni cha magari, kilipewa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Mgonjwa husema lugha moja, muuguzi huandika nyingine, daktari wa rufaa husoma kwa mazoea ya tatu, na karani wa takwimu hugeuza yote kuwa herufi na tarakimu.

Ugonjwa wa retina utokanao na kisukari unafaa kwa uhakiki huu kwa sababu moja ya msingi: hauumi, na katika hatua zake za mwanzo haupunguzi uoni. Mgonjwa hawezi kujieleza dalili asizozihisi. Ndiyo maana miongozo ya tiba hutaka mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe macho anapogunduliwa, kisha achunguzwe mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka. Kati ya uchunguzi mmoja na mwingine, kinachobeba habari za jicho lake ni maandishi. Yakipotoka maandishi, hakuna maumivu yatakayomkumbusha mtu.

2.0 Msimbo kama matini

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani husomwa kwa kawaida kama chombo cha takwimu. Hapa ninausoma kama matini, yaani kama kauli inayosema jambo na kunyamazia mengine.

Katika toleo la kumi, ICD-10, kisukari kimepewa misimbo E10 hadi E14. Tarakimu ya nne ikiwa 3, maana yake ni kwamba kisukari kimeleta matatizo ya macho. Kwa hiyo E11.3 ni kisukari cha aina ya pili chenye matatizo ya macho, na E14.3 ni kisukari ambacho aina yake haikubainishwa. Retinopathi yenyewe ina msimbo wa pili, H36.0. Viwili hivi vimefungamanishwa kwa alama: msalaba mdogo hukaa kwenye msimbo wa chanzo, na nyota kwenye msimbo wa kinachoonekana. Wazo hili ni zuri. Ni sentensi yenye kiima na kiarifu: kisukari ndicho kilichotenda, retina ndiyo iliyotendwa.

Tatizo huanza pale fomu inapokuwa na kisanduku kimoja. Karani hulazimika kuchagua kubaki na kiima au kubaki na kiarifu. Akiandika E11 peke yake, jicho limefutika. Akiandika H36.0 peke yake, amekwenda kinyume cha kanuni, kwa kuwa msimbo wa nyota haukukusudiwa kusimama bila mwenzake, na jalada la kliniki ya kisukari halitajua kwamba mgonjwa wake ameanza kuathirika macho. Anayesoma ripoti ya mwaka huona magonjwa mawili yasiyofahamiana.

Hata misimbo yote miwili ikiandikwa, H36.0 ni neno jumuishi linalowameza wahusika wake. Kipimo cha kimataifa cha ukali wa ugonjwa huu, kilichochapishwa mwaka 2003, kina madaraja matano: kutokuwepo kwa dalili, daraja hafifu, la wastani, kali, na lile la mishipa mipya ya damu. Madaraja manne kati ya hayo yote huingia katika H36.0. Mgonjwa mwenye vivimbe vichache vya mishipa midogo, ambaye anahitaji kudhibiti sukari na kurudi mwaka ujao, na mgonjwa mwenye mishipa mipya inayoweza kuvuja damu wiki hii, wanaonekana sawa. Msimbo hausemi ni jicho lipi. Hausemi kama makula, sehemu ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia sura, imevimba.

Marekani, katika nakala yake ya ICD-10, imekwenda upande wa pili. Huko E11.3 imerefushwa hadi tarakimu zinazotaja daraja, makula, na tangu Oktoba 2016, jicho lenyewe: 1 kwa la kulia, 2 kwa la kushoto, 3 kwa yote mawili, 9 kwa lisilobainishwa. Baadhi ya wenzetu hudhani huo ndio mfano wa kuigwa. Ninaona tuwe na tahadhari. Urefu ule unahusiana sana na mahitaji ya kulipana kati ya hospitali na bima, na unachukulia kwamba aliyeandika amekwisha kutanua mboni na kuiona retina yote. Pale ambapo hakuna aliyeangalia, tarakimu saba hazisemi zaidi ya tarakimu nne. Zinasema tu kwa urefu zaidi kwamba hatujui.

ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, inatenganisha retinopathi isiyo na mishipa mipya na iliyo nayo chini ya 9B71.0, na inaruhusu msimbo wa ugonjwa kuunganishwa na wa chanzo chake na wa upande wa mwili. Kisarufi, haya ni maendeleo: tumetoka kwenye neno moja na kuingia kwenye kirai. Lakini kirai hakijitungi. Kinahitaji mtu aliyeandika jicho, daraja na chanzo kwa maneno yanayoeleweka. Hapo ndipo tunapofika kwenye jalada.

3.0 Herufi mbili zinazobadilishana nafasi

Mama yangu mdogo aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Alichunguzwa macho ng'ambo ya mpaka, akarudi na karatasi yenye mstari mmoja: "DR OG", tarehe na sahihi. Siku chache baadaye aliipeleka katika kituo kimoja upande huu. Aliyeisoma alikuwa mtu makini, aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza. Alisoma DR kama retinopathi ya kisukari, akamweleza kwamba ni jambo la kawaida kwa wenye sukari, akampa tarehe ya miezi kadhaa mbele. Tarehe hiyo ilipofika, jicho la kushoto lilikuwa haliwezi tena kuhesabu vidole.

Nilipoiona karatasi ile nilikuwa nimechelewa, lakini kwa macho ya mtu wa lugha ilisomeka. Kiingereza hutanguliza sifa kabla ya nomino, hivyo retinopathi ya kisukari hufupishwa DR, na kubanduka kwa retina hufupishwa RD. Kifaransa, kama Kiswahili, hutanguliza nomino. Katika Kifaransa retinopathi ya kisukari ni RD, na kubanduka kwa retina ni DR. Vifupisho viwili, magonjwa mawili, na lugha mbili zimevipangia maana kinyume kabisa. Ugonjwa wa kwanza mara nyingi huvumilia miezi, wa pili huhesabiwa kwa siku.

Ushahidi wa lugha ulikuwa palepale. OG ni kifupisho cha Kifaransa cha jicho la kushoto. Aliyezoea Kiingereza angeandika LE, au OS kwa asili ya Kilatini. Aliyeandika OG alikuwa anaandika Kifaransa, kwa hiyo DR yake ilikuwa ya Kifaransa. Kama jicho lingekuwa la kulia, hata ushahidi huo usingekuwepo, kwa sababu OD ni kifupisho cha jicho la kulia katika mazoea yote mawili.

Sidai kwamba kusomwa vizuri kungeokoa jicho lile. Retina iliyovutwa na makovu ya kisukari huwa ngumu kutibu hata kwa mabingwa. Ninadai jambo dogo zaidi: alinyimwa nafasi ya kujaribiwa, na aliyemnyima si mtu bali ni mfumo wa maandishi usioeleza unazungumza lugha gani. Katika misimbo, kosa hilo lilikuwa ni kumtoa mgonjwa katika kundi la H33, la kubanduka na kupasuka kwa retina, na kumweka H36.0. Takwimu za mwaka huo hazina mahali pa kuonyesha kosa hilo. Zilijumlishwa sawasawa.

Mifano haiishii hapo. Uwezo wa kuona huandikwa kwa sehemu za kumi katika desturi ya Kifaransa na kwa sehemu za sita katika desturi ya Kiingereza. Kihesabu hakuna mgongano, kwa kuwa 1/10 ni sawa na 6/60. Lakini mpaka wa upofu katika ICD-10 umewekwa kwenye 3/60, na karani asiyezoea kubadili anaweza kuacha kisanduku wazi. Mgonjwa asiyeweza kusoma chati huandikiwa CLD na mmoja, CF na mwingine, wote wakimaanisha kwamba anahesabu vidole tu. Hizi ni lahaja za kitaaluma, na Rubavu ni mahali zinapokutana bila mkalimani.

4.0 Ukimya usiobainishwa

Kasoro ya tatu ni ya kile ambacho hakikuandikwa. Katika jalada la mgonjwa wa kisukari, nafasi tupu mbele ya neno "macho" inaweza kuwa na maana mbili: alichunguzwa na hana tatizo, au hakuchunguzwa. Kiswahili hutofautisha vizuri kati ya "hana" na "hakuangaliwa". Ripoti ya mwezi haitofautishi. Zote mbili huwa sifuri.

Kwa mshauri wa sera, sifuri hizi mbili zinadai maamuzi yanayopingana. Ya kwanza husema huduma inafanya kazi. Ya pili husema huduma haipo. ICD-10 inatoa njia ya kutenganisha, kwa kuwa ina msimbo Z13.5 wa uchunguzi maalumu wa magonjwa ya macho na masikio, unaoweza kuandikwa hata kama hakuna ugonjwa uliopatikana. Lakini msimbo huo hauvutii mtu yeyote kuuandika, kwa sababu hautaji ugonjwa, na desturi ya kumbukumbu zetu ni kuhesabu magonjwa. Wilaya inayochunguza watu wengi huonekana ina wagonjwa wengi wa macho, na wilaya isiyochunguza huonekana ina afya. Takwimu inamsifu asiyeangalia.

Rwanda imefanya kazi kubwa ya kufikisha huduma za msingi za macho katika vituo vya afya vijijini kwa kuwafundisha wauguzi wa vituo zaidi ya 500. Pia imekuwa uwanja wa utafiti wa akili unde katika kusoma picha za retina. Jaribio lililoongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa majibu papo hapo walifuata rufaa kwa kiwango kikubwa kuliko waliosubiri majibu kwa siku kadhaa. Matokeo hayo kwa kawaida husomwa kama sifa ya mashine. Mimi ninayasoma pia kama hoja ya mawasiliano: habari ilimfikia mtu akiwa bado ameketi mbele ya anayeizungumza. Mashine inaweza kutoa daraja. Sentensi itakayomfanya mtu asiyeumwa apande basi kwenda rufaa ni kazi ya lugha.

5.0 Istilahi zetu na mipaka yake

Inafaa sasa kujihakiki wenyewe. Kwa miongo mingi, mchango wa wataalamu wa Kiswahili katika sayansi umekuwa kamusi na orodha za istilahi. Kazi hiyo ni ya heshima, na Kamusi ya Tiba ya TUKI ni ushahidi kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya mwili na maradhi. Lakini orodha hutoa nomino, ilhali jalada linahitaji kauli.

Chukulia majina ya madaraja. Lugha za Ulaya hugawa retinopathi kwa kigezo cha kuchipuka kwa mishipa mipya. Tafsiri ya haraka ni "retinopathi isiyoenea" na "inayoenea". Kwa msikilizaji wa Kiswahili, ugonjwa unaoenea ni ule unaotoka kwa mtu hadi mtu. Mgonjwa ataondoka akijiuliza kama amewaambukiza watoto wake. "Isiyo na mishipa mipya" na "yenye mishipa mipya" ni ndefu zaidi, lakini husema kile daktari anachokiona, na karani anaweza kuzilinganisha moja kwa moja na ICD-11.

Neno "hafifu" lina hatari yake pia. Kwa mtaalamu ni daraja la kwanza katika safari ya ugonjwa. Kwa mgonjwa ni ruhusa ya kutorudi. "Kali", kwa upande mwingine, huambatana na maumivu katika matumizi ya kila siku: jua kali, dawa kali, homa kali. Mtu asiyehisi chochote akiambiwa ana ugonjwa mkali wa macho, huamini zaidi macho yake kuliko maneno ya muuguzi. Ninapendekeza "ya mwanzo" na "iliyosonga mbele", kwa kuwa zinabeba wazo la mwendo, na mwendo ndio ukweli wa ugonjwa huu.

Kuna tahadhari nyingine. Tukiingia katika vifupisho kwa pupa, retinopathi ya kisukari itakuwa RK, na kubanduka kwa retina kutakuwa KR. Tutakuwa tumetengeneza, kwa lugha yetu wenyewe, jozi ya tatu ya mtego uleule. Kuswahilisha si tiba ikiwa tunaswahilisha kosa.

6.0 Pingamizi

Ya kwanza ni ya muda: muuguzi mwenye foleni ndefu hawezi kuandika insha. Ni kweli. Lakini kuandika "retina ya kushoto imebanduka" badala ya herufi nne huchukua sekunde chache, na mstari huo hausomeki vinginevyo.

Ya pili ni kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya wagonjwa wengi wa Rwanda, na kwamba kukipigania katika hospitali ni kupigania hadhi yetu kuliko afya yao. Pingamizi hili lina uzito. Kwa mgonjwa wa Rubavu aliyezaliwa na kukua hapo, karatasi ya maelezo inapaswa kuwa ya Kinyarwanda kwanza. Hoja ya Kiswahili ni hoja ya mpaka: ndiyo lugha ambayo mgonjwa wa Goma na muuguzi wa Gisenyi wanaweza kukutana nayo bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mpaka huu ni wa ndani ya Jumuiya, na hati zinazouvuka zinastahili kufikiriwa hivyo.

Ya tatu ni kwamba Shirika la Afya Duniani lina lugha sita rasmi, na Kiswahili si mojawapo, hivyo tungoje tafsiri kamili ya ICD. Sioni sababu ya kungoja. Kutafsiri maelfu ya vipengele ni mradi wa miaka, na vingi havitasomwa na mgonjwa kamwe. Kinachohitajika sasa ni matini fupi inayotangulia msimbo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba msimbo ni hatua ya mwisho ya mnyororo wa maandishi, na hauwezi kuwa sahihi kuliko sentensi iliyouzaa. Kwa wizara, wilaya na vyombo vya Kiswahili vya Jumuiya, mapendekezo ni haya:

(i) Vifupisho DR na RD vipigwe marufuku katika karatasi za rufaa pande zote za mpaka, na jina la ugonjwa liandikwe kamili, kwa lugha yoyote.

(ii) Jicho litajwe kwa neno zima: la kulia, la kushoto, yote mawili.

(iii) Kila jalada la kisukari liwe na mstari wa macho usioruhusiwa kubaki mtupu, wenye chaguo tatu: hakuchunguzwa, alichunguzwa hana, alichunguzwa anayo. Ripoti za mwezi zihesabu zote tatu.

(iv) Pale retinopathi inapopatikana, iandikwe sentensi moja yenye vitu vitano: aina ya kisukari, jicho, daraja, hali ya makula, na hatua inayofuata pamoja na tarehe yake. Karani asimbe kutokana na sentensi hiyo, na fomu impe nafasi ya misimbo miwili.

(v) Mgonjwa apewe sentensi hiyohiyo kwa Kinyarwanda au Kiswahili, ikianza na maelezo kwamba ugonjwa huu hauumi na kwamba kuona vizuri leo si ushahidi wa kupona.

Kwa watafiti wenzangu, kazi inayotungoja ni ya kukaa na wauguzi na makarani, kusoma majalada pamoja nao kwa ruhusa na kwa kulinda siri za wagonjwa, na kujaribu sentensi zetu kwa watu watakaozitegemea. Karatasi ya mama mdogo ingali kwangu. Ina herufi nne, tarehe na sahihi, na kila nilichohitaji kuisoma nilifundishwa katika darasa la isimu.